Amri ya Siku 90: Uganda ya 1972 na mahali ambapo mapenzi ya nchi yalipotea njia

Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa katika kambi ya jeshi ya Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, Rais Idi Amin aliwaambia askari wake kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza wanauhujumu uchumi wa Uganda na kwamba hawana tena nafasi nchini. Alidai kwamba alikuwa ameoteshwa na Mungu. Siku chache baadaye amri rasmi ilitolewa, ikawajumuisha pia raia wa India, Pakistan na Bangladesh, na muda wa mwisho ukawekwa kuwa siku 90, ambazo zilikwisha tarehe 8 Novemba. Kufikia siku hiyo watu wapatao 50,000 walikuwa wameondoka, na kati yao takriban 27,000 walipokewa Uingereza.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama wazimu wa mtu mmoja, na msimulizi akishasema hivyo huwa hana tena cha kuchambua. Lakini amri ile ilishangiliwa. Ilishangiliwa na wachuuzi wa soko la Owino mjini Kampala, na wakulima wa pamba, na vijana wengi wasomi ambao hawakumwamini Amin katika jambo lingine lolote, na ilishangiliwa hata nje ya Uganda na watu waliokuwa na kumbukumbu zao chungu za enzi ya ukoloni. Watu hao hawakuwa wazimu, na wengi wao hawakuwa wabaya. Walikuwa wanaipenda nchi yao na walikuwa na malalamiko ya kweli. Kwa sababu hiyo kisa hiki kinatufaa zaidi kuliko visa vya wakatili watupu: kinaturuhusu kuuliza ni hatua ipi hasa iliyowatoa watu kwenye mapenzi halali ya nchi yao na kuwaingiza katika dhuluma.

Maoni yangu ni kwamba hatua hiyo haikuwa hotuba ya Tororo. Ilikuwa ni zoezi la kiofisi lililofanyika wiki chache baadaye, zoezi la kuhakiki uraia, na nitaeleza sababu za kusema hivyo. Kwanza, hata hivyo, ni lazima malalamiko yenyewe yapewe haki yake.

Malalamiko yalikuwa ya kweli

Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi ufukwe wa Ziwa Viktoria. Waingereza walileta vibarua wa mkataba wapatao 32,000 kutoka India. Takriban 2,500 walifia kazini, walio wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na chini ya 7,000 walibaki. Wafanyabiashara walioenea baadaye Kampala, Jinja, Mbale na miji midogo ya ndani kwa sehemu kubwa hawakuwa vibarua hao wala watoto wao, bali watu waliokuja kwa nauli zao wenyewe, hasa kutoka Gujarat na Punjab, wakiifuata njia ambayo reli ilikuwa imeifungua.

Serikali ya kikoloni iliupanga uchumi kwa ngazi. Mwafrika alilima pamba na kahawa; Mwasia alinunua, akachambua pamba kiwandani, akauza nguo, chumvi na mafuta ya taa; Mwingereza alitawala na kumiliki benki. Mkulima wa Buganda aliyetaka kuchambua pamba yake mwenyewe au kuiuza moja kwa moja alikuta mlango umefungwa kwa kanuni na leseni, na bei aliyopewa ilipangwa na watu ambao hakuwachagua. Machafuko ya 1945 na 1949 yalitokana kwa sehemu na jambo hilo, na 1949 haki ya kuchambua pamba ilikuwa miongoni mwa madai yaliyotajwa waziwazi. Mwaka 1959 Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya Waasia huko Buganda, mgomo ambao uliendelea hadi mwaka uliofuata na kufunga maduka mengi ya vijijini.

Wanaosimulia historia ya Waasia wa Uganda kwa huruma, nami ni mmoja wao, wakati mwingine huruka yale yasiyopendeza: shule zilizotenganishwa kwa rangi, klabu ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu, mtu mzima mwenye wajukuu kuitwa boi na kijana wa mwenye duka, na karani Mwafrika kukaa miaka mingi dukani bila kufundishwa hesabu za biashara. Mambo hayo yalitokea, na walioyapitia walikuwa na haki ya kukasirika.

Ni kweli pia kwamba mpangilio huo haukubuniwa na Waasia. Sera za kikoloni zilizuia kwa sehemu kubwa ardhi ya Waafrika isiuzwe kwa wasio Waafrika, jambo lililokuwa jema kwa Waganda, lakini matokeo yake yalikuwa kuwasukuma wageni mijini na katika biashara. Kazi ya kukusanya faida ilionekana kwa macho dukani, wakati aliyepanga bei na leseni alikuwa ofisini Entebbe, makao ya serikali ya kikoloni, mbali na macho ya mkulima. Hasira ikamwendea aliyeonekana.

Hatua za mwanzo zilikuwa ndani ya mpaka

Baada ya uhuru wa 1962, serikali ya Milton Obote ilijaribu kuupeleka uchumi mikononi mwa wananchi. Mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo fulani na ya bidhaa fulani. Mwaka 1970 serikali ilitangaza kuchukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni makubwa. Mtu anaweza kusema kwamba hatua hizo zilikuwa kali, au hazikuwa na busara ya kiuchumi, lakini siwezi kuziita chuki. Nchi huru ina haki ya kuwatanguliza raia wake katika leseni, mikopo na ajira, mradi tu mstari uliochorwa ni ule wa uraia na mradi uraia wenyewe ni mlango ambao mtu anaweza kuuingia.

Tatizo lilianzia kwenye huo mlango. Katiba ya uhuru iliwapa wale ambao hawakuwa raia moja kwa moja miaka miwili ya kujiandikisha, kwa sharti kwamba wakane uraia wao wa awali ndani ya miezi mitatu. Wengi walisita. Familia nyingi ziligawana hatari: baba akabaki na pasipoti ya Uingereza, kijana akachukua uraia wa Uganda, ili yakitokea ya kutokea pawe na pa kukimbilia. Wapinzani wao waliiona hiyo kuwa dalili ya kutoipenda nchi. Mimi naiona kuwa tahadhari ya watu waliokuwa wameyashuhudia mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 kwa karibu mno, na siwezi kuwalaumu. Lakini si wote waliosita. Maelfu waliomba, na maombi yao yakakaa ofisini miaka na miaka bila kujibiwa. Amin aliyapata hapo alipoipindua serikali Januari 1971, na Desemba mwaka huo, baada ya kuwahesabu Waasia wote na kuwaita viongozi wao Kampala kuwakemea, alifuta maombi zaidi ya 12,000 yaliyokuwa yakisubiri. Katika mkutano huo aliwashutumu kwa kutotaka kuchangamana na Waafrika. Serikali ile ile iliyowafungia watu mlango ikawalaumu kwa kubaki nje.

Uingereza nayo ilikuwa imefanya lake. Sheria yake ya uhamiaji ya 1968, iliyopitishwa kwa haraka wakati Waasia wa Kenya walipoanza kuondoka kwa wingi, iliwanyima haki ya kuingia Uingereza wenye pasipoti za nchi hiyo ambao hawakuwa na mzazi au babu aliyezaliwa huko. Pasipoti walikuwa nayo, nchi hawakuwa nayo.

Foleni ya uhakiki

Katika wiki za Agosti amri ilibadilikabadilika. Walimu, madaktari na mawakili waliondolewa kwanza katika orodha ya wanaofukuzwa, kisha wakarudishwa. Baadaye kidogo Amin akatangaza kwamba hata Waasia walio raia wa Uganda wataondoka. Lawama zilipozidi, zikiwemo za Mwalimu Nyerere, ambaye alisema wazi kwamba huo ni ubaguzi wa rangi, tamko hilo lilifutwa. Raia wangebaki. Lakini walitakiwa wathibitishe kwamba ni raia kweli.

Watu wakapanga foleni katika ofisi ya uhamiaji Kampala wakiwa na bahasha zao: pasipoti ya Uganda, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi, hati ya kukana uraia wa Uingereza. Ofisa alikuwa akitafuta kasoro. Ikiwa hati ya kukana ilipokelewa siku chache baada ya ile miezi mitatu kupita, uraia ulihesabiwa kuwa haukuwahi kuwepo, hata kama kosa lilikuwa la ofisi iliyochelewa kugonga muhuri. Ikiwa cheti cha mzazi hakikupatikana kwa sababu alizaliwa kijijini ambako hakuna aliyeandikisha vizazi wakati huo, matokeo yalikuwa yale yale. Walioshuhudia wamesimulia hati zikichanwa mbele ya wenyewe. Watu walioingia mlango wa mbele wakiwa raia wa Uganda walitoka bila kuwa raia wa nchi yoyote duniani, kwa kuwa Uingereza walikwisha kuikana na Uganda imewakana wao. Hao ndio waliopelekwa siku za mwisho, chini ya Umoja wa Mataifa, kwenye kambi za muda Austria, Italia, Malta na kwingineko.

Naomba msomaji alitazame kwa makini zoezi hili, kwa sababu lilivaa mavazi ya sheria. Palikuwa na fomu, palikuwa na tarehe, palikuwa na kifungu cha katiba. Ofisa angeweza kurudi nyumbani jioni akiamini kwamba ameilinda nchi yake kwa kuwang'oa waliojipatia uraia kwa udanganyifu. Lakini uliza swali moja tu: ni nani mwingine Uganda aliyetakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha baba yake? Nchi ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu waliotoka Rwanda, Kenya, Sudan na Zaire, wengine wa kizazi cha kwanza. Jeshi la Amin mwenyewe lilikuwa limejaa askari wapya kutoka Sudan ya kusini na Zaire, ambao hawakuwa na cheti cha aina yoyote, na ndio waliowekwa kwenye vizuizi vya barabarani kukagua hati za watu waliozaliwa Jinja. Kama zoezi lile lingetafuta ugeni, lingeanzia kambini. Lilitafuta rangi.

Hapo ndipo ninapouona mpaka. Mpaka huvukwa siku ambayo mtu aliyetimiza kila sharti la kuwa mwananchi anaambiwa kwamba sharti la kweli halikuandikwa popote, na kwamba hawezi kulitimiza kwa sababu liko katika damu yake. Kabla ya hapo raia wa Uganda mwenye asili ya Kihindi angeweza kuuliza: nifanye nini ili niwe mwenzenu? Baada ya hapo swali hilo halikuwa na jibu.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Kila familia iliruhusiwa kutoka na takriban pauni 50 na mizigo michache. Barabara ya kutoka Kampala kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe ilikuwa na vizuizi kimoja baada ya kingine, na katika kila kimoja masanduku yalifunguliwa: saa, bangili, redio, pete ya ndoa. Ndege ya kwanza ya kuwahamisha ilitua Stansted, Uingereza, tarehe 18 Septemba ikiwa na abiria 193. Siku hizo hizo halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la Kampala likiwasihi wasiende huko. Serikali ya Uingereza chini ya Waziri Mkuu Edward Heath, kwa kuisifu panapostahili, ilikubali kuwapokea licha ya upinzani mkali nyumbani, na Kanada ikachukua maelfu wengine. Waingereza waliotaka wasipokelewe nao walisema wanaipenda nchi yao.

Nchi ilipata nini

Amin aliiita kampeni yake vita vya uchumi, na ahadi yake ilikuwa kwamba mali itarudi kwa wananchi. Basi tuipime ahadi hiyo kwa hesabu zake yenyewe. Biashara, mashamba na viwanda zaidi ya 5,600 viligawanywa, na zaidi ya 5,400 kati ya hivyo vilikwenda kwa watu binafsi. Vilivyokwenda kwa idara za serikali na mashirika ya umma havikufikia 250. Kamati za mawaziri na maofisa wa jeshi zilipita mtaa kwa mtaa zikigawa. Aliyepata duka mara nyingi alikuwa mwanajeshi au mtu wake, na aliuza bidhaa zilizokuwa rafuni, akashindwa kuagiza nyingine, akafunga. Mchuuzi aliyeshangilia mwezi Agosti aliondoka mikono mitupu.

Watu wa Uganda waliwaita matajiri hao wapya mafuta mingi, na jina hilo limebaki katika lugha hadi leo. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyojengwa na familia za Madhvani na Mehta, viliporomoka hadi nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikaanza kuitafuta kwa magendo kuvuka mpaka wa Kenya. Sabuni, chumvi na sukari vikawa vitu vya kufichwa uvunguni. Mwaka 1975 serikali ikaunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, yenye uwezo wa kumhukumu kifo mtu aliyepatikana na hatia ya kuficha bidhaa au kuuza kwa magendo. Miaka mitatu baada ya wahujumu kufukuzwa, wahujumu wapya walikuwa Waafrika wa Uganda.

Haikuwa hata lazima kusubiri miaka mitatu. Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alikuwa Jaji Mkuu mwaka ule wa 1972. Mapema Septemba mahakama yake ilisikiliza ombi la Mwingereza mmoja aliyekamatwa na wanajeshi bila kufuata sheria, na Kiwanuka akaamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata mtu kwa namna hiyo, akaamuru aachiliwe. Katika majira hayo, kutoa uamuzi wa kumpendelea Mwingereza kulikuwa sawa na kujiandikia usaliti. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, wakamtoa katika ofisi yake mchana kweupe, na hakuonekana tena akiwa hai.

Nakitaja kifo cha Kiwanuka kwa sababu huonwa mara nyingi kuwa kisa kingine tofauti, cha siasa za ndani, wakati kwa maoni yangu ni kisa hiki hiki. Yeye hakuwa mtetezi wa Waasia wala wa Waingereza. Alikuwa Mganda, Mkatoliki, mpigania uhuru aliyewahi kufungwa na Obote. Alichokitetea ni kwamba sheria ya Uganda inamhusu kila aliye ndani ya Uganda. Kama kuna mtu aliyeipenda Uganda katika wiki zile, ni yeye. Aliuawa na watu waliojiita wazalendo. Waacholi na Walangi, makabila ya kaskazini mwa Uganda, walikuwa wameanza kuuawa kambini tangu 1971, na mauaji hayo yaliendelea kwa hoja ya aina hiyo hiyo, kwamba si wenzetu kwa sababu ya walikozaliwa.

Tanzania haikuwa malaika

Msomaji wa Tanzania atapenda kulinganisha, na ulinganisho una manufaa ukifanywa kwa uaminifu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, wabunge wa TANU walitaka sheria ya uraia ifuate rangi, ili Waafrika peke yao wawe raia moja kwa moja. Nyerere alisimama bungeni akapinga kwa hasira, akiwafananisha na Wanazi, na akaweka serikali yake rehani: muswada ukikataliwa, serikali inajiuzulu. Ulipita. Miaka kumi baadaye, 1971, serikali hiyo hiyo ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi sana wa walionyang'anywa walikuwa Waasia, na wengi waliihama nchi wakiwa na uchungu ambao haujaisha hadi leo.

Je, utaifishaji huo na amri ya Amin si sawa? Nimewahi kusikia hoja hiyo kwa watu waliopoteza nyumba zao Dar es Salaam, na siichukulii kirahisi, kwa sababu aliyepoteza nyumba halipimi pigo kwa nia ya aliyelipiga. Hata hivyo tofauti ipo. Sheria ya Tanzania ilitaja thamani ya jengo; Mwafrika mwenye jengo la thamani hiyo naye alinyang'anywa, na Mwasia aliyenyang'anywa alibaki raia, mwenye haki ya kupiga kura, kushitaki na kushika madaraka. Amir Jamal, mtoto wa jamii hiyo hiyo, alikuwa Waziri wa Fedha. Sera ile inaweza kulaumiwa kama sera, na wengi tunailaumu, lakini haikumwambia mtu kwamba hawezi kuwa Mtanzania.

Zanzibar ni habari nyingine. Katika siku zilizofuata mapinduzi ya Januari 1964 Waarabu na Waasia wengi waliuawa au kukimbia, na hadi leo kuna familia Muscat na Dubai zinazozungumza Kiswahili cha Mji Mkongwe nyumbani kwa sababu hiyo. Mtu anayeisifu hotuba ya Nyerere ya 1961 bila kuitaja Zanzibar anasimulia nusu ya habari.

Hoja ile ile, watu wengine

Hoja iliyoshinda 1972 haikuondoka na Amin mwaka 1979. Oktoba 1982, Obote akiwa amerudi madarakani, viongozi wa wilaya na vijana wa chama chake katika eneo la Ankole waliwavamia watu wa asili ya Rwanda, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Makumi ya maelfu walifukuzwa. Miongoni mwao walikuwamo wakimbizi waliotoka Rwanda tangu 1959, na walikuwamo pia raia wa Uganda waliozaliwa humo humo, pamoja na Wahima, wafugaji wenyeji wa Ankole, ambao walifananishwa tu kwa sura. Hapo hapakuwa na duka wala kiwanda cha sukari cha kugombania, wala rangi ya ngozi ya kutofautisha. Palikuwa na malisho, na palikuwa na jawabu lililozoeleka. Vijana wengi wa Kinyarwanda walioona kwamba Uganda haitawakubali waliingia msituni na Yoweri Museveni, na Oktoba 1990 baadhi yao, wakiongozwa na Fred Rwigyema, walivuka mpaka wa Kagitumba kwa silaha kurudi Rwanda.

Sheria ya kurudisha mali za Waasia ilipitishwa 1982, mwaka huo huo wa Ankole, na baada ya 1986 serikali ya Museveni iliwahimiza warudi. Baadhi walirudi. Kakira na Lugazi zinasaga miwa tena. Kisha Aprili 2007 serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira. Wakazi wa Kampala waliandamana kuupinga mpango huo, na waliandamana kwa haki: msitu ni wa umma, na mvua ya nchi nzima inaujua. Lakini ndani ya maandamano hayo hayo kundi la watu liliwageukia Wahindi waliokuwa wakipita barabarani, na mwanamume mmoja akapigwa hadi kufa. Hakuwa na hisa Lugazi. Baadaye mwaka huo serikali iliuweka kando mpango wa Mabira kwa sababu ya hoja za wanamazingira, viongozi wa dini, Ufalme wa Buganda na wananchi wa kawaida. Kupigwa kwa yule mtu hakukuokoa mti hata mmoja.

Katiba ya Uganda ya 1995 imeweka orodha ya jamii za wenyeji, 56 mwanzoni na 65 baada ya marekebisho ya 2005. Mtoto aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake anatoka katika mojawapo ya jamii zilizokuwapo nchini kufikia tarehe 1 Februari 1926 ni raia kwa kuzaliwa. Wanyarwanda wamo katika orodha hiyo. Waasia hawamo, ingawa kufikia 1926 walikuwa na maduka, misikiti na mahekalu yao Kampala. Baadhi yao wameomba waorodheshwe. Kwa wengi wao, pale ambapo mzazi hakuwahi kuwa raia kwa kuzaliwa, njia iliyobaki ni uraia wa kuandikishwa, ambao sheria inaruhusu kuufuta kwa sababu ambazo haziwezi kumgusa raia wa kuzaliwa.

Kenya ilichukua hatua Julai 2017, ilipowatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, miezi michache baada ya kuwatambua Wamakonde. Nilifurahi kama wengi walivyofurahi, na sitaki kuidharau hatua hiyo, kwa kuwa Wamakonde walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Kwale kudai vitambulisho na walistahili kuvipata siku nyingi. Lakini bado ilibidi watu hao wafanywe kabila kwanza ndipo uraia wao usiulizwe. Kwa jinsi katiba ya Uganda ilivyo sasa, mwombaji Mwasia aliyezaliwa Jinja, mtoto wa mtu aliyezaliwa Jinja, angali anaweza kuwekwa kwenye foleni ya peke yake, na ofisa aliye mbele yake angali anaweza kuwa na kifungu cha kumwonyesha.